Malalamiko: pedeli ya klachi ya Hiace yangu tangu mlipoitengeneza

Kwa meneja wa gereji,

Habari za kazi kaka. Kwa simu tumeshaongea mara nne, kila mara naambiwa nilete gari, nikileta inaangaliwa dakika kumi naambiwa iko poa. Haiko poa, ndo maana naandika.

Gari nilileta kwa shida moja tu, nilimwambia fundi wenu na akaandika: asubuhi pedeli inaenda hadi chini haina nguvu, nikipampu mara mbili tatu inapanda, na gia ya 1 na rivasi zinakwaruza injini ikiwaka, ila nikizima injini zinaingia laini kabisa. Hakuna aliyefungua kikopo cha mafuta ya klachi, hakuna aliyeingia chini, mkasema pleti ya klachi imekwisha. Mkashusha giaboksi mkabadilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi, nikalipa 420,000 za vifaa na 120,000 za ufundi. Pleti ya zamani ninayo kwenye kiroba, ina nyama bado, ribiti ziko ndani kabisa, mje muione.

Siku mbili tu pedeli ikarudi vilevile. Nikaambiwa klachi mpya huwa inazoea. Kaka, pleti mpya kuzoea ni kweli ipo, lakini kuzoea hakuwezi kufanya pedeli izame! Nikarudi mkatoa upepo kwenye mafuta ya klachi, ikawa nzuri siku tatu, ikazama tena. Nikarudi mara ya pili, hapo ndo kijana wenu akakaza ile fimbo ya kwenye pedeli mpaka ple yote, yaani ule ulegevu mdogo wa juu ya pedeli, ikaisha, pedeli ikawa inashika juu na mimi nikafurahi nikijua imepona, kumbe ndo mmeniharibia zaidi.

Mimi kazi yangu ni kupandisha mbolea Lushoto na kushusha kabichi, na ile barabara ya kutoka Mombo mnaijua, kona juu ya kona na pembeni korongo. Jumanne nipo katikati ya mlima injini ikaanza kupiga kelele gari haivuti, harufu ya kuungua ikajaa ndani, gari ikaanza kurudi nyuma na mzigo. Utingo akaruka akaweka jiwe. Tulikuwa watatu mle ndani na wote tuna watoto nyumbani, mikono ilinitetemeka mpaka jioni.

Fundi wa Mombo alimaliza kutafuta tatizo kwa muda mfupi sana. Alianza kurudisha ple, maana fimbo ikikaza, pistoni ya masta (silinda ya juu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli) hairudi hadi mwisho, mafuta yanabaki yamefungiwa, yakipata moto yanatanuka yanaisukuma klachi kama vile nimekanyaga, ndo pleti ikaungua. Kisha akafunua mpira wa vumbi kwenye silinda ya chini, ile inayopokea mafuta na kusukuma klachi, kukavu, na kikopo hakijapungua, kwa hiyo hakuna kuvuja nje. Akaniambia niwashe gari, nikanyage, nitie gia ya 1 nishikilie hivyohivyo, yeye anaangalia fimbo ya silinda ya chini. Fimbo ikasukuma vizuri halafu ikaanza kurudi polepole yenyewe, na gari ikaanza kusogea mguu wangu ukiwa bado chini. Masta inapitisha mafuta kwa ndani, rabakapu (raba za pistoni zinazozuia mafuta) zimechoka. Na mafuta aliyoyatoa yalikuwa meusi kama chai ya rangi, sasa nyie mlitoa upepo gani bila kuyaona? Akasema pia kwamba masta ya zamani ukiipampu mpaka chini kabisa wakati wa kutoa upepo, raba zinapita sehemu zenye kutu ambazo hazijawahi kufika, zinachanika. Yaani hata pale pa kutoa upepo mnaweza kuwa mliimalizia.

Masta mpya nimeshanunua mwenyewe, hiyo siwadai, ilikuwa imekufa kabla sijaja kwenu. Ninachodai ni pleti iliyoungulia mikononi mwenu, mnibadilishie bure pamoja na ufundi wa kushusha giaboksi, na presha pleti na flaiwili zikaguliwe mbele yangu kama zimeungua. Na ile 120,000 ya kazi ya kwanza mnirudishie maana mlitengeneza kisichoumwa.

Gari ipo nyumbani Tanga, siwezi kuipandisha mlima hivi ilivyo na msimu wa kabichi unaniacha. Nasubiri simu yenu mpaka Ijumaa mchana, risiti zote mbili na kile kiroba nitakuja navyo.