Mstaafu Naye Ana Saa Mkononi

Mhariri,

Jumanne iliyopita nilifika kituo cha afya saa moja kasorobo asubuhi kuchukua dawa zangu za presha. Nikapewa kikaratasi cha namba 14. Kufikia saa tatu walikuwa wameitwa kumi na mmoja, nami nikaanza kukunja gazeti. Mara akaingia kijana mwenye beji ya kazi shingoni na simu sikioni, akamnong'oneza karani. Karani hakumtazama wa namba 12, wala mama wa namba 13. Alinitazama mimi, akasema kwa upole kabisa: "Mzee wangu, tumpitishe huyu, anakimbilia kazi. Wewe si umestaafu? Huna haraka."

Nikakubali. Kijana akapita. Akafuata mwalimu aliyekuwa na kipindi, kisha dada mmoja aliyesema ameacha duka wazi. Zamu yangu ilipofika, muuguzi alikuwa ameenda kunywa chai.

Karani yule ana adabu na simchukii. Kinachonikera ni hayo maneno mawili, "huna haraka", ambayo nayasikia kila ninapokwenda, na kila mara yanasemwa kwa heshima, ukiyakataa unaonekana mzee mkorofi.

Nieleze kidogo nilikotoka. Niliingia reli mwaka 1972, ilipokuwa bado ya Afrika Mashariki nzima, na Jumuiya ilipovunjika 1977 nikabaki na ya Kenya. Kazi yangu ilikuwa kwenye njia inayotoka hapa Nakuru kwenda Kisumu: Njoro, Molo, Londiani, Muhoroni. Aliyewahi kulala Londiani mwezi wa Julai anaijua baridi niliyokula. Njia yenyewe ni moja. Garimoshi linalopanda na linaloshuka hupishana stesheni, moja likakaa pembeni kungoja mwenzake apite. Sasa la kwanza likichelewa dakika ishirini, dakika hizo hazibaki nalo. Lile linalongoja linazirithi, linazipeleka stesheni ya mbele, huko nako zinapokezwa jingine, mpaka jioni mtu aliyekaa stesheni ya Miwani anauliza mzigo wake uko wapi, na chanzo ni mtu aliyekuwa akimalizia chai Elburgon. Ndiyo maana kila stesheni ilikuwa na daftari. Dakika zilizopotea ziliandikwa, na sababu yake kando.

Nilistaafu 2005 nikiwa na miaka 55. (Umri wa watumishi wa serikali ulipandishwa hadi 60 mwaka 2009, mimi nikiwa nimeshazoea kulisha kuku.) Nikadhani muda wangu sasa ni wangu. Kumbe umekuwa kama bomba la mtaa, kila apitaye anafungua.

Chukua safari ya Njoro, kama kilomita 20 tu kutoka mjini, ambako nina nusu eka ya viazi. Wiki mbili zilizopita nilifika steji, mpiga debe akanishika mkono: "Guka, ni wewe tu gari liondoke!" Mimi si Mkikuyu, lakini hapa Nakuru mwenye mvi ni guka, yaani babu, wa wote. Nikahesabu vichwa. Ilikuwa matatu ya watu 14, na kweli viti vilivyobaki vilikuwa viwili. Nikaingia, nikakaa karibu na mama mwenye katoni ya vifaranga. Dakika tano hazijaisha, mwanamume wa mbele yangu akashuka kununua maji. Wawili wa nyuma wakashuka kupokea simu, wote wawili kwa simu moja. Halafu mwingine, na mwingine, na hakuna aliyerudi. Robo saa baadaye tulikuwa abiria wanne ndani ya gari: mimi, mama, wanafunzi wawili, pamoja na vifaranga. Vifaranga vilikuwa vimelala tulipoingia. Vikaamka, vikalia, vikachoka, vikalala tena, na bado tulikuwa tunasubiri. Nilipochungulia dirishani kuuliza, mpiga debe akacheka: "Guka nawe, kwani unaenda ofisini?"

Wale waliokuwa wameketi kujaza gari hulipwa kitu kidogo. Mimi nilijaza bure.

Nyumbani nako si afadhali. Kwenye ukuta wa sebule yangu kuna msumari wenye funguo sita zisizo zangu, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake nisije nikachanganya. Uzi mwekundu ni wa jirani mwenye fundi wa bomba atakayekuja "leo asubuhi", na hii asubuhi imeendelea tangu mwezi uliopita. Wa kijani ni wa mpangaji anayefanya kazi usiku na kuletewa mizigo mchana. Nyingine sizitaji. Mtu akifariki mtaani, kabla hata siku ya mazishi haijapangwa, mimi ni mweka hazina. Posa ikitaka kupelekwa, mimi ni mzee wa kusema, iwe ni Bomet au Butere. Oktoba 2024 bima ya afya ilipobadilishwa, akina mama wa kanisa waliletwa kwangu mmoja mmoja niwasajili kwa simu, *147#, eti kwa sababu nina nafasi. Hakuna aliyeniuliza kama ninajua.

Sisemi nafanyiwa ubaya. Mazishi ya majirani ningeyahudhuria hata bila cheo, na posa zina nyama. Lakini naomba mtu aanze kwa kuuliza: "Mzee, kesho una shughuli?" Swali hilo sijaulizwa tangu 2005.

Wa pekee anayeamini nina haraka ni simu. Nikitaka kuangalia salio la benki inanitumia tarakimu sita za kuthibitisha kwamba mimi ni mimi, na kabla sijaipata miwani, ambayo kwa kawaida iko kichwani, tarakimu zimekwisha muda. Dunia nzima inaningojesha, kifaa hiki kinanipa dakika moja.

Wengine watasema mji umekua. Ni kweli. Tangu Nakuru ifanywe jiji tarehe 1 Desemba 2021, kila mtu anatembea kama amechelewa ndege, na bodaboda haziheshimu hata mahali pa waenda kwa miguu kuvukia. Mwezi huohuo garimoshi la abiria la Nairobi kwenda Kisumu lilirejea, nikaenda kulitazama likipita, nikaangalia saa yangu kwa mazoea. Kukua kwa mji nakuelewa. Nisichoelewa ni kwa nini haraka ya kila mtu igharimiwe na muda wangu mimi.

Turudi Jumanne ile. Watu hawakujua, wala hawakuuliza, kwamba nina mjukuu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea. Mama yake anafanya kazi Gilgil na hurudi jioni. Bibi yake alishatangulia. Gari la shule humshusha langoni saa sita na nusu, na lazima pawe na mtu wa kumpokea, na mtu huyo ni mimi. Dawa nilizipata saa sita na robo. Nikapanda bodaboda, kitu ambacho daktari wangu wa magoti alinikataza. Tukakwama kwa lori lililokuwa likigeuza. Nilifika nyumbani saa saba kasorobo.

Langoni hapakuwa na mtu. Magoti yalisahau kuuma, nakuambia. Nikamkuta ng'ambo ya barabara kwa mama mboga, ameketi juu ya debe lililofunikwa gunia, mkoba bado mgongoni, anatafuna karoti. Mama mboga alikuwa amesimama kati yake na barabara, mikono kiunoni, na wateja wawili wakingoja kukatiwa sukuma. Mtoto akaniangalia, akaniuliza: "Guka, ulikuwa umepotea?"

Usiku nilifungua daftari langu. Ndiyo, bado ninalo, tabia ya miaka 33 haiondoki kwa keki ya kuagwa. Nikaandika tarehe, nikaandika dakika 15. Nilitaka kuongeza za mama mboga na za wale wateja wake wawili, lakini sikujua zao ni ngapi. Kwenye safu ya sababu nikaandika: "Huna haraka."

Mhariri, sina sheria ninayotaka ipitishwe, wala sidai dirisha la wazee, maana nimeona yanavyokuwa: linafunguliwa siku ya kupigwa picha, kisha linawekwa ndoo. Ninachotaka ni vitu vidogo. Mwenye namba aitwe kwa namba yake. Mgonjwa aliyezidiwa apite, huyo hata mimi nitambeba. Mwenye beji afike mapema kama tulivyofika sisi. Mpiga debe aniambie tu ukweli, kwamba bado watu kumi, nikanywe chai yangu nirudi. Na majirani zangu wapendwa, ninyi wa nyuzi zote sita, msumari nitauacha hapo ulipo, ila kuanzia mwezi ujao mchana kati ya saa sita na saa saba mlango wangu haufunguliwi kwa fundi wa mtu yeyote.

Kliniki wamenipangia kurudi baada ya wiki nne. Nitafika saa moja kasorobo kama kawaida. Nikipewa 14, nitaingia nikiwa wa 14.

Mstaafu wa reli,
Section 58, Nakuru