SALAMU ZA SHUKRANI KUTOKA KWA FAMILIA

Sisi wazazi na ndugu wa kijana wetu, aliyefariki akiwa na miaka 21 katika utumishi wa jeshi nchini Israeli, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha ninyi nyote mliotushika mkono hadi jana tulipotimiza siku 30 za maombolezo. Jina lake hatuliandiki hapa kwa ombi la mama yake. Mnalijua.

Alizaliwa Nairobi, akajifunza kusali katika sinagogi letu dogo la hapa mjini. Alipomaliza shule akahamia Israeli kwa hiari yake, akasoma Torati mwaka mmoja, ndipo akaingia jeshini. Kule askari asiye na wazazi nchini huitwa "askari mpweke". Jina hilo halikutupendeza tangu mwanzo.

Alhamisi ile waliogonga geti walikuwa watatu. Mama yake alijua kabla hawajafungua mdomo. Baba alijaribu kutamka maneno tuliyofundishwa, "Abarikiwe Hakimu wa kweli," yakatoka mara ya tatu. Usiku huo tukapanda ndege kupitia Addis Ababa, tukafika Ijumaa jua likielekea kuzama. Sabato hazikwi mtu, wala hakuna matanga ya hadharani. Jumamosi hiyo ndiyo iliyotumaliza. Tumeketi mezani kwa watu Yerusalemu, mkate umefunikwa kitambaa, kiti alichozoea kukalia kiko wazi, na maiti yake inasubiri. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akimlisha kijana wetu kila Sabato ya likizo, alikuwa akiinuka kila mara kwenda jikoni. Hakuwa akipika. Sabato hapikwi.

Jumapili tulidhani tungekuwa watu kumi na tano pale Mlima Herzl, makaburi ya jeshi Yerusalemu. Walikuja mamia wasiotujua, kwa kusikia tu kwamba wazazi wametoka mbali. Wenzake walituletea begi lake: kitabu cha sala, tefilini (visanduku vya ngozi vyenye maandiko, vinavyovaliwa wakati wa sala), na pakiti ya majani ya chai ya Kericho iliyobaki nusu. Mmoja akatuambia kikosi kizima sasa kinasema "twende kazi". Aliitamka vizuri kabisa.

Kuna wawili hatuna cha kuwalipa. Wa kwanza ni jirani yetu Mwislamu. Binti yetu, mjamzito wa miezi minane, hakuruhusiwa kusafiri, akabaki. Kwetu Wayahudi mfiwa mlo wa kwanza baada ya mazishi hali chakula chake, huletewa. Mama huyu alipiga simu kuuliza kinachofaa, akanunua sufuria mpya, akaja kuchemshia mayai jikoni kwetu, kisha akaketi sakafuni na binti yetu mpaka usiku. Kibandiko cha bei kingali kwenye sufuria. Hatujakibandua.

Wa pili ni mgeni aliyekuwa apite Nairobi usiku mmoja tu. Kadishi, sala ya waombolezaji, haisemwi bila wanaume kumi, na asubuhi ile tulikuwa tisa. Aliahirisha safari yake siku nne.

Tunawashukuru pia viongozi na waumini wa sinagogi mliokuja kila alfajiri kabla ya kazi, majirani wa mtaa mzima, kamati na mweka hazina wetu, mliochangia tiketi za ndugu zake usiku uleule, walimu wake, wenzake wa darasani, timu yake ya mpira, madaktari na wauguzi wanaomtunza binti yetu, Wakristo na Waislamu mliotuombea kwa njia zenu, walinzi wa geti, dereva aliyekataa nauli ya uwanja wa ndege, na jamaa mlioko Uingereza na Marekani.

Tuliowasahau, tunawaomba radhi sana. Daftari la wageni lilijaa, wengine mliandika kwenye karatasi na karatasi zikapotea. Simu nyingi hatukupokea. Si dharau, tulikuwa hatujiwezi. Mungu awalipe kwa kipimo asichokosea.

Jiwe limeshawekwa. Limeandikwa majina ya wazazi, na kwamba alizaliwa Kenya. Mama yake anarudi huko mwezi ujao, na desturi yetu ni kuweka kokoto juu ya kaburi. Mwenye kokoto la hapa Nairobi alilete nyumbani, atalibeba.

Ni sisi familia.