KUH: KUUZIWA MICHE YA TEKOMA BADALA YA MHUMBA

Kwa Meneja Mauzo,
Kampuni ya Miche na Bustani,
Dodoma.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Novemba mwaka juzi nilinunua kitaluni kwenu miche 40 ya mhumba (Senna singueana) kwa shilingi 120,000, na kila kiriba kilikuwa na kibandiko chenye jina hilo. Niliuchagua mhumba kwa kuwa ni kichaka cha nyika yetu hii, ambako mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili kisha hukoma kabisa, na kwa kuwa huchanua maua ya njano kiangazi, matawi yakiwa hayana hata jani. Mama yangu alikuwa nao nyuma ya nyumba, nami nilitaka wanangu waukute kwetu.

Miche ilishika vizuri. Shaka iliniingia nilipoona majani yana kingo za meno kama msumeno, ilhali ya mhumba hayana meno na ncha zake ni za mviringo. Ilipochanua mwaka huu, shaka ikaisha: badala ya ua lililofunguka lenye petali tano zilizoachana, nilipata maua yenye umbo la tarumbeta, yenye vistari vyembamba vyekundu kooni. Hiyo ni tekoma (Tecoma stans), mmea wenye asili ya bara la Amerika.

Nilipowapigia simu, mhudumu wenu alinijibu kwamba yote ni maua ya njano. Jibu hilo limeniumiza kuliko hasara yenyewe. Juma lililopita nilipasua ganda moja kavu la tekoma kiganjani; mbegu zake ni bapa, kila moja ina mabawa membamba mithili ya ganda la kitunguu, na kabla sijazihesabu upepo ulikwishazivusha uzio hadi korongoni. Huko tayari naing'oa michipukizi, na niliyoikata bila kutoa kisiki imechipua upya. Afrika Kusini, kisheria, mmea huu umeorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi, na ni marufuku kuuuza au kuupanda. Ninyi mnauuza kwa jina la mmea wa asili, kwa watu waliokuja kwenu makusudi kuutafuta huo wa asili.

Kwa hiyo naomba mnirejeshee shilingi 120,000, mlipe vibarua wa kung'oa vichaka vyote 40 pamoja na visiki vyake, na mviondoe vibandiko hivyo kitaluni leo kabla ya kesho. Naomba pia muwajulishe wateja wengine walionunua miche hiyo, hasa wanaoishi kando ya makorongo, wakate maganda kabla hayajakauka na kupasuka.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani. Nimehifadhi risiti, vibandiko vitatu na tawi lenye maua, na niko tayari kuvileta ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia.

Wenu,
Mteja