Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Aanzishe Utengamao wa Moyo na Mapafu?

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka nieleze chama kilivyokwenda mwaka huu. Fedha namwachia mweka hazina, na habari za ofisi hazina jipya: viti bado tunaazima. Nitakaa kwenye suala moja lililotugawa, yaani nani aruhusiwe kumwanzishia mgonjwa wa moyo au mapafu utengamao, yaani mazoezi tiba ya kumrudishia nguvu, na kuusimamia.

Wapo waliosema tumsubiri daktari bingwa. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Mtu aliyepasuliwa moyo katika Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akirudi Mpwapwa au Chemba, huku kwetu Dodoma, anakutana na tabibu, muuguzi na, akibahatika, mtaalamu wa fiziotherapia. Aliyemaliza dozi ya kifua kikuu naye hali yake ni hiyo hiyo. Makohozi ni safi na kadi imefungwa, lakini mapafu yamebaki na makovu na ndoo ya maji imemshinda. Huyo tunamwambia amepona, aende nyumbani.

Kazi yenyewe haidai mitambo. Mgonjwa anatembea dakika 6 kwenye ujia wa mita 30 na umbali unaandikwa. Kuna kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mashine ya presha, kiti cha kuinuka na kukaa, chupa zilizojazwa mchanga za kunyanyua. Anakuja angalau mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 12. Penye ugumu ni kumtambua asiyefaa kuanza: mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, mwenye valvu (mlango wa moyo) iliyobana sana, anayezimia akijikakamua, mwenye TB ambayo bado inaambukiza. Hao warudishwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Orodha hiyo ikibandikwa ukutani na kufuatwa, inamlinda mgonjwa kuliko cheo cha aliyesimama chumbani.

Marekani imetajwa sana vikaoni, mara nyingine kwa chumvi nyingi. Sheria yao ya 2018 iliwaruhusu wauguzi wabobezi na madaktari wasaidizi kusimamia huduma hizi kwa wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, na ruhusa hiyo ikaanza tarehe 1 Januari 2024. Miaka 6 ya kungoja! Tena sheria hiyo iligusa usimamizi tu. Kuandika rufaa kukabaki kwa daktari. Sisi tukichukua nusu hiyo tutakuwa na chumba, msimamizi na viti vitupu, maana huku kwetu mgonjwa anakwama kwenye rufaa.

Mahudhurio nayo yana msimu wake. Mvua zikianza Desemba watu wanahamia shambani, na kwa mkoa wenye msimu mmoja wa mvua sioni wa kumlaumu. Napendekeza miezi hiyo mazoezi yafanyike nyumbani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita kufuatilia. Kufuatilia, sisemi kuanzisha. Hapo nakubaliana na wanaoniona nina haraka.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo. Kamati iiandikie Wizara ikiomba utengamao wa moyo na mapafu uwekwe wazi kwenye kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, hata ukitolewa na asiye daktari.

Azimio juu ya suala hili liko ajenda ya 5. Lisomeni kabla ya kura, hasa kipengele cha nani anasaini rufaa. Wanaorudi Kondoa leo wapige kura kwanza, basi haliwasubiri.