Mti wako umewahi kupigiliwa nini? Tuambie kabla hatujawasha mashine

Wateja wengi wakitupigia wanataka kujua kitu kimoja tu, kuangusha mti na kuupasua kuni ni shilingi ngapi, na sisi tunawarudishia swali, huo mti umewahi kupigiliwa nini? Wengine wanacheka. Mzee mmoja kule Machame alituapia kabisa kwamba mgrevilia wake ni msafi, kaupanda mwenyewe, haya tukawasha chensoo tukaingia usawa wa goti, hata dakika haikuisha cheche zikaruka na cheni ikaanza kutema vumbi tupu badala ya chenga. Kuja kuupasua tunakuta seng'enge nyuzi tatu na misumari yake ya U, zimezama ndani huko na gome la nje halina hata kovu. Ndo mzee anakumbuka, aaah, hapa palikuwaga na zizi la mbuzi.

Msumari haujazama wenyewe, mti ndo umeumeza. Mti unanenepa kwa kuongeza mbao mpya chini ya gome kila mwaka, chuma kinabaki palepale kinafunikwa taratibu. Na hakipandi juu mti ukirefuka, ulichogonga usawa wa kifua leo wajukuu watakikuta kifuani hapohapo. Kwa hiyo sisi wasiwasi wetu mkubwa ni pale chini mkono wa mtu unapofika: uzio, kamba ya kuanikia nguo, mnyororo wa ng'ombe. Ila kuna waya za mizinga ya nyuki na antena huko juu, na ile miembe ya shule iliyoning'inizwa rimu ya gari iwe kengele. Miti ya stendi usiseme, mganga kagonga bango lake, semina nayo, mgombea naye juu yao, mti mzima ni duka la hardware.

Hasara yake sasa. Mashine ikiwa moto wa mwisho, cheni nzima inazunguka zaidi ya mara 10 kwa sekunde, yaani kabla kidole hakijaachia mafuta kila jino limeshaupitia huo msumari. Ukiwa na bahati ni kukaa chini na tupa kunoa meno nusu saa, ukikosa bahati meno yameng'oka au cheni imekatika, na cheni ikikatika inaweza kumrukia fundi, hapo hatuongelei hela tena.

Kwa hiyo tukija tunapitisha kwanza kile kifaa cha kusachia wanachotumia walinzi getini, lakini kinaona sentimita chache tu, kwa hiyo kumbukumbu ya bibi wa nyumbani inatusaidia kuliko betri. Tukianza kukata tunaangalia pia rangi, doa la bluu-nyeusi kwenye mkaratusi mara nyingi ni chuma kimekutana na tanini, ile kemikali ya asili iliyomo kwenye mti, tukiliona tunasimama tunakata juu zaidi.

Ukituambia mapema, kipande chenye chuma tunakuachia kizima, bei haibadiliki. Ukituficha, cheni ni juu yako, tusilaumiane.

Na hicho kipande ukikichoma, majivu usiyamwage migombani hivihivi, pitisha sumaku kwanza maana misumari haiungui na watoto wanapita peku.