Pesa za UVIKO hazikufika shule binafsi, lakini usichome bado makaratasi ya 2020

Tangu shule zifunguliwe Januari, wenye shule tunaowatunzia hesabu hapa Dodoma wanatuletea maswali mawili. La kwanza: kuna mtu amepiga simu, anasema serikali imetoa fedha za UVIKO kwa shule binafsi, tujaze fomu au tusijaze? La pili: miaka mitano imepita, makaratasi ya 2020 yamejaa stoo na mchwa wameshaanza kuyala, tuyachome?

Msijaze. Na msichome.

Tuanze na simu. Anayepiga huwa anajua jina la shule na la mkuu wa shule, pengine hata idadi ya wanafunzi, kwa kuwa mambo hayo yako kwenye mabango na makundi ya WhatsApp. Anataja mamilioni, kisha anaomba "pesa ya fomu" itumwe kwenye laini ya mtu binafsi. Kata simu. Malipo halali kwa serikali yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo, hayaingii kwenye laini ya mtu. Na mfuko anaoutaja haupo.

Uongo huu unauzika kwa sababu fedha za UVIKO zilikuwepo kweli. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa dharura wa dola milioni 567.25 kwa Tanzania. Tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua hapahapa Dodoma mpango wa maendeleo kwa ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3. Elimu ilipata fungu nono: madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kila darasa milioni 20. Wengi wetu bado tunayaita madarasa ya UVIKO. Januari 2022 watoto waliofaulu darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza wote kwa mkupuo mmoja, bila kusubiri chaguo la pili. Ni jambo kubwa, na mzazi yeyote aliyewahi kukaa na mtoto nyumbani akisubiri chaguo la pili anajua ukubwa wake.

Ila madarasa hayo yalikuwa ya shule za umma. Shule binafsi haikupata fungu la mishahara ya walimu wala la kufidia ada zilizopotea, na mpango wenyewe ulishatekelezwa. Kwa hiyo anayekwambia leo kwamba kuna masalia yanagawiwa kwa simu anakuibia.

Tena kwa baadhi ya wateja wetu, madarasa yale yaliwaongezea mzigo. Kuna sekondari ndogo za kutwa zilizoishi miaka mingi kwa kupokea watoto waliokosa nafasi serikalini. Nafasi za serikalini zilipotosheleza, mzazi hakuwa tena na sababu ya kulipa ada. Shule hizo zilikuwa zimetoka 2020 zikiwa na madeni, 2022 zikafungua muhula madawati yakiwa matupu. Sisi hatusemi madarasa yasingejengwa. Tunasema mwalimu wa shule binafsi naye anakatwa kodi ya mshahara kila mwezi, mtoto anayemfundisha ni Mtanzania, na lilikuwa jambo la haki kumfikiria.

Kilichotokea 2020, kwa tarakimu

Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku 30 zikapita, kufungwa kukaendelea. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Ni miezi mitatu na siku kadhaa.

Tuchukue mfano wa shule ya msingi ya kutwa yenye watoto 180, ada 900,000 kwa mwaka kwa awamu nne. Awamu moja ni 225,000 kwa mtoto, kwa shule nzima ni 40,500,000. Mishahara ni milioni 14 kwa mwezi. Aprili, Mei na Juni zinahitaji milioni 42. Awamu ya pili ya ada ndiyo mishahara ya miezi hiyo mitatu, na ndiyo awamu ambayo haikulipwa. Bado hujalipa mlinzi, hujalipa rejesho la mkopo wa basi ambalo limeegeshwa linaota vumbi.

Wazazi nao hawakuwa sawa. Mtumishi aliyehamia na wizara yake mshahara wake uliendelea kuingia. Mwenye gesti, mama lishe wa stendi, muuza nguo wa Majengo, hao biashara ilikata ghafla. Wengi walisema, "Mtoto yuko nyumbani, nalipia nini?" Ukiwa mzazi unaelewa swali hilo. Ukiwa na walimu kumi na sita wanaosubiri mshahara, huna jibu lake.

Mlango mmoja ulikuwa wazi, nao haukupita kwenye wizara ya elimu. Mei 2020 Benki Kuu ilishusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikapunguza kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kuweka kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, na ikasema itatoa unafuu wa kiusimamizi kwa benki zitakazopanga upya mikopo ya wateja walioathirika. Angalia vizuri: unafuu ulipewa benki. Mwenye shule alitakiwa aende mwenyewe, na aende na hesabu zinazoonyesha mapato yalikuwa kiasi gani kabla ya Machi na yaliporomoka hadi wapi. Waliokuwa na kumbukumbu waliweza kukaa mezani na ofisa mikopo. Waliokwenda na maelezo ya mdomo waliambiwa warudi na karatasi, na wengi hawakurudi.

Mbona Marekani walipewa?

Sista mmoja anayesimamia shule alituuliza hivyo, na swali lake linastahili jibu kamili.

Ni kweli walipewa. Machi 2020 sheria iitwayo CARES ilianzisha mikopo ya PPP ya kulinda ajira, na shule binafsi zenye waajiriwa wasiozidi 500 ziliruhusiwa kuomba. Kiasi kilipigwa kwa wastani wa mishahara ya mwezi mara 2.5. Mkopo ulisamehewa iwapo angalau asilimia 60 yake ilikwenda kwenye mishahara, kiwango kilicholegezwa Juni 2020 kutoka asilimia 75. Kisha Desemba 2020 Bunge lao likatenga dola bilioni 2.75 kwa shule zisizo za umma peke yake, mpango unaoitwa EANS, na Machi 2021 likaongeza kiasi kilekile.

Kuna mambo matatu tungependa kila mwenye shule ayatazame hapo.

Fedha za EANS hazikumiminwa kwenye akaunti za shule kama ruzuku. Zilishikwa na idara ya elimu ya kila jimbo, shule ikaomba huduma na vifaa: barakoa, usafi wa majengo, mitambo ya hewa, kompyuta, masomo ya ziada kwa waliorudi nyuma. Kompyuta iliyonunuliwa ilihesabiwa mali ya umma, shule ikaitumia. Awamu ya kwanza iliruhusu shule kurudishiwa baadhi ya gharama ilizokwisha kuingia, kwa stakabadhi. Sisi tunaona utaratibu huu ungewezekana hata hapa, kwa sababu unajibu hoja inayotolewa kila siku kwamba fedha ya umma haiwezi kumtajirisha mtu binafsi. Kama umoja wa wamiliki na mameneja wa shule zisizo za serikali, TAMONGSCO, utakwenda tena mezani na serikali kwa janga lolote, tungependa uende na pendekezo la namna hii kuliko ombi la fedha taslimu.

La pili, kipimo cha PPP kilikuwa orodha ya mishahara. Shule isiyo na orodha hiyo isingepata hata senti.

La tatu ndilo linalotugusa zaidi. Awamu ya pili ya EANS ililenga shule zenye watoto wengi kutoka familia za kipato cha chini, na kizingiti cha kawaida kilikuwa asilimia 40. Shule ilitakiwa ionyeshe, kwa dodoso la familia, kumbukumbu za watoto wanaosaidiwa ada au takwimu nyingine zinazokubalika. Sasa njoo Dodoma. Karibu kila shule tunayoihudumia ina watoto yatima au wa wazazi walioshindwa, wanasoma nusu ada au bure kabisa. Ni moyo wa pekee. Ukifungua daftari la ada, watoto hao wameandikwa kama wadaiwa sugu. Meneja alimwambia bibi wa mtoto, "Usijali mama, atasoma tu," na maneno hayo hayakuandikwa popote. Huruma yote ile, kwenye hesabu inasomeka kuwa shule imeshindwa kukusanya ada.

Kwa nini usichome

Sheria ya Usimamizi wa Kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5. Kwa shule inayofunga hesabu Desemba, miaka mitano ya hesabu za 2020 imekamilika, na ndiyo sababu watu wanashika viberiti. Lakini kodi siyo mdai wako peke yake.

Chukua NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 ya mwajiri na 10 ya mfanyakazi. Shule nyingi zilikubaliana na walimu Aprili 2020 walipwe nusu, au wakae likizo bila malipo hadi shule zifunguliwe. Mwalimu huyo akija kudai mafao yake, michango inaonyesha pengo la miezi mitatu, na mkaguzi anauliza mwajiri. Kama unayo barua ya makubaliano yenye sahihi ya mwalimu na tarehe, unaieleza. Kama uliichoma, kwa mkaguzi mwalimu alikuwa kazini kwa mshahara kamili nawe hukupeleka michango. Tumeiona barua moja ya namna hiyo, ukurasa mmoja wa daftari uliochanwa, imeandikwa kwa kalamu ya bluu na kusainiwa na walimu kumi na mmoja na mjumbe wa bodi. Haikuwa na muhuri, haikupigwa chapa, na ilimaliza mjadala.

Halafu kuna ada za 2020 ambazo hadi leo ziko kwenye mizania kama mali. Mzazi alishahamisha mtoto, mtoto yuko chuo, nawe bado unahesabu kwamba unamdai. Ofisa wa benki anayesoma hesabu zako anaziona na anajiuliza unakusanyaje madeni. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu kuliondoa deni la namna hii iwapo umechukua hatua zote zinazofaa kulidai na una sababu ya kuamini halitalipwa. Hatua hizo zinathibitishwa kwa nini? Kwa nakala za barua ulizompa mzazi, ujumbe wa simu, kumbukumbu za kikao cha wazazi. Vitu hivyohivyo vilivyoko stoo.

Na kama una pingamizi au shauri lolote ambalo halijaisha TRA, usiguse hata risiti ya chaki.

Risiti za dukani zimechapwa kwenye karatasi inayofifia, nyingi za 2020 sasa ni nyeupe. Zinazosomeka zitoe nakala wiki hii. Makaratasi yatoe sakafuni, yaweke kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko. Maboksi ndiyo mchwa wa Dodoma wanayoyapenda. Usihangaike na kila kitu: daftari za mahudhurio ya jikoni na stakabadhi ndogondogo ukizitupa hazitakuumiza. Unachohitaji ni orodha za mishahara za Januari hadi Desemba 2020, barua za makubaliano na walimu, taarifa za benki za mwaka mzima, mkataba wa mkopo na barua zote mlizoandikiana na benki, daftari la ada na mawasiliano na wazazi.

Tunachofanya sisi ni kuyapanga hayo kwenye faili moja, kuandaa jedwali la mapato na mishahara mwezi kwa mwezi kwa 2019, 2020 na 2021, na kuandika barua za kuomba kulipa malimbikizo kwa awamu kwa wanaodaiwa, iwe TRA au NSSF. Watoto wanaosaidiwa tunawatengenezea rejesta yao, yenye azimio la bodi, ili msaada wa ada uonekane kama msaada na usiendelee kusomeka kama deni. Kazi hiyo ya rejesta hatutozi kwa shule ambayo tayari tunaitunzia hesabu.

Shule zilizo mjini zinaweza kuleta makaratasi ofisini siku za Jumamosi, wakati pilikapilika za ada zimetulia. Zilizoko Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa tunazifuata wenyewe kwa kupangiana siku. Anayekuja aje na mhasibu wake, kwa sababu yeye ndiye anayejua kila daftari liko wapi, na aje na barua ya benki ya mwisho aliyopokea, hata kama hakuifungua.