Barua ya Wazi kwa Vijana Wetu Mnaofadhili Watoto wa Nepal

Wanangu,

Nimepata habari kwamba kikundi chenu cha Waswahili mlioko Ulaya kimeamua kuchanga kila mwezi kwa ajili ya makao ya watoto jijini Kathmandu. Nawapongeza kwa moyo huo. Hata hivyo, kwa kuwa nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hadi kustaafu, naomba mnisikilize kabla hamjatuma fedha, kwa sababu maisha ya baadaye ya mtoto mnayemfadhili hayategemei ada peke yake, bali pia karatasi zilizoandikwa siku alipopokelewa.

Tazameni faili lake. Mtakuta picha, jina, neno "yatima", na pengine cheti cha kifo cha baba chenye mhuri. Katika vita vya ndani vya Nepal, 1996 hadi 2006, madalali walipita katika vijiji vya wilaya za milimani kama Humla, wakiwaahidi wazazi kwamba watoto wao watasoma shule za bweni mjini na kuepushwa na waasi waliokuwa wakiwachukua vijana kwa nguvu. Wazazi walilipa, wengine hata kwa kuuza ardhi. Watoto wakapewa majina mapya na vyeti vya kughushi, wakawa yatima wa karatasi huku mama zao wangali wakilima mashamba yao. Na mzazi angewafuataje? Humla haikuwa na barabara ya kuiunganisha na nchi. Kutoka Simikot, mji mkuu wa wilaya hiyo, ilikuwa ni ndege ndogo hadi mji wa Nepalgunj ulioko tambarare, au mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Mmarekani Conor Grennan, mwanzilishi wa shirika la Next Generation Nepal, aliipanda milima hiyo akiwa na picha za watoto ili awatafute wazazi, na akawakuta wazazi walio hai.

Madhara ya karatasi hizo huonekana mtoto akishakua. Nchini Nepal kijana huomba cheti cha uraia kuanzia miaka 16, na hudaiwa uraia wa mzazi pamoja na barua ya kata anakotoka. Bila cheti hicho hapati pasipoti, wala hawezi kuandikisha ardhi kwa jina lake. Hivyo kijana mliyemsomesha hadi akazungumza Kiingereza safi hukwama dirishani, kwa kuwa baba yake alikwisha kufa kwenye karatasi, tena akiwa na jina lisilo lake. Akirudi kijijini, hajui tena lugha ya nyanya yake.

Sisemi kwamba makao yote ni mabaya. Mwaka 1960 watoto 51 wa wakimbizi wa Tibet walifikishwa Dharamsala, India, kutoka kambi za wajenzi wa barabara, wakalelewa chini ya Tsering Dolma, dada wa kiongozi wa kidini wa Watibeti, Dalai Lama, na baadaye mdogo wake, Jetsun Pema. Huo ndio mwanzo wa Tibetan Children's Villages, ambayo hadi leo inategemea sana wafadhili wa nje. Lakini pale jamii yenyewe ndiyo iliyoshika usukani, Kitibeti kikafundishwa darasani, na wengi waliotoka humo wakawa walimu na watumishi wa watu wao. Mtoto hakufichwa asili yake ili mfadhili aguswe.

Basi mwulizeni msimamizi swali moja dogo: sikukuu kuu ya Wahindu wa Nepal, Dashain, iliyopita, mtoto huyu alipakwa tika, ile alama ya baraka, na nani kwenye paji la uso? Kazi hiyo ni ya wazee wa ukoo. Ikiwa familia yake husherehekea Losar, yaani mwaka mpya wa Kitibeti, ulizeni aliila na nani. Asiyejua jibu hajui anamlea mtoto wa nani. Kama wazazi wapo, ombeni fedha zenu zigeuzwe ziwe ada na bweni karibu na kijiji chao. Safari ya likizo ya kwenda kucheza na watoto iacheni, nawasihi. Mtoto anayezoeana na mgeni mpya kila mwezi huachwa kila mwezi.

Na ikiwa majibu yatakuwa ya kuzungukazunguka, msikate mchango ghafla, maana atakayelala njaa si msimamizi. Endeleeni kugharimia chakula na shule, huku mkiandika kwa mamlaka ya watoto ya Nepal kuomba ukoo wake utafutwe, na vyeti visahihishwe kabla hajatimiza miaka 16.

Mzee wenu,
Mstaafu wa ustawi wa jamii, Tanga